Mapafu Mabichi na Kijibwa cha Mwalimu

Mwezi Desemba uliopita, jirani yangu hapa Merigi alichinja kondoo wawili ili kuwakaribisha nyumbani vijana wake waliokuwa wametoka jandoni. Wachinjaji walipofikia sehemu za ndani, mmoja wao aliyatoa mapafu ya kondoo wa pili, akayageuza mikononi, akaona vifuko vitatu vyeupe vilivyojaa maji, kimoja chao kikikaribia ukubwa wa yai la kuku. "Haya hayaliki," akasema, na pasi na kusita akayarusha kando ya ua, mahali alipokuwa ameketi kijibwa changu akitetemeka kwa hamu. Nilipaza sauti, nikakimbia kwa kadiri magoti ya mtu aliyestaafu yanavyoruhusu, nikayanyakua mapafu yale mbwa akiwa tayari ameyatia meno upande mmoja. Ua mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, alinitazama kwa huruma akaniuliza: "Mwalimu, hata cha kutupwa unamnyima mbwa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Jibu lilikuwa refu mno kwa siku ya sherehe, na isitoshe, lilikuwa na aibu yangu ndani yake. Leo, kwa hisani ya mhariri, nataka kulitoa mbele ya wasomaji wa safu hii, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Kijibwa chenyewe si wa asili ya hapa. Nilipewa na meneja mmoja wa mashamba ya chai upande wa Kericho, aliyekuwa akistaafu na kurejea kwao ng'ambo. Ni wa aina ya Jack Russell, mbwa wadogo walioitwa kwa jina la kasisi Mwingereza, John Russell wa Devon, aliyeishi tangu 1795 hadi 1883 na ambaye, kwa masimulizi yote, alipenda kuwinda mbweha kama alivyopenda kuhubiri, au hata zaidi. Ukoo wao huitwa teria, neno ambalo mzizi wake ni lile la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwani kazi yao ilikuwa kuingia mashimoni na kumtoa mnyama aliyejificha. Wangu ana uzito wa kilo saba tu, lakini hajui kutulia. Tangu alfajiri huwa mbioni kati ya michai na migomba, akifukua fuko na kuwatia kiwewe panya wa ghalani. Majirani waliomcheka alipofika, wakisema ni paka aliyekosea njia, sasa huja kumwazima wakati wa kuvuna mahindi.

Pamoja na mbwa nilipokea karatasi nne zilizopigwa chapa, zikieleza jinsi ya kumlisha. Ziliagiza kwamba asipewe nafaka hata kidogo, wala chakula kilichopikwa. Apewe nyama mbichi, mifupa mibichi yenye nyama, moyo, ini na mapafu, kwa kiasi cha sehemu mbili hadi tatu kwa mia za uzito wake kila siku, na kwa kuwa ni mbwa mwenye mbio nyingi, nisiogope kuzidisha. Nilipiga hesabu nikaguna. Gramu 210 kwa siku ni zaidi ya kilo sita kwa mwezi, na nyumbani kwangu tuko watu sita ambao kwa jumla hatuzifikii kilo hizo. Hata hivyo, mwalimu ni mtu wa kutii maandishi. Nikatafuta njia ya mkato: mchinjaji wa hapa sokoni alikuwa akitupa mapafu na vipande vya ini visivyopata mnunuzi, nami nikamwomba aniwekee. Kwa muda wa miezi mitano kijibwa changu alikula mapafu mabichi kama bwana mkubwa. Manyoya yaling'aa, kinyesi kikawa kidogo na kikavu, meno yakawa meupe. Nilijisifu mbele ya watu, na nikamwonyesha kila mgeni zile karatasi.

Sharti niwatendee haki wale walioandika mafunzo ya namna hiyo, kwa maana hawakukosa hoja. Chakula cha mbwa cha kununuliwa dukani kina umri mfupi. Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa mjini London mnamo miaka ya 1860, na kabla ya hapo mbwa wote wa dunia waliishi kwa mabaki, mifupa na walichokiwinda. Mnamo 1993, daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alichapisha kitabu kilichowahimiza watu wenye mbwa warudie mifupa na nyama mbichi, na tangu hapo mtindo huo umeenea katika nchi tajiri. Mambo kadhaa wanayoyasema ni kweli. Mfupa uliopikwa hukauka, ukavunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa matumbo, ilhali mfupa mbichi aghalabu hutafunika. Ni kweli pia kwamba mbwa aliyelishwa uji mwepesi wa mahindi peke yake, kama wengi wa mbwa wetu, ni mbwa mwenye njaa hata kama tumbo limejaa.

Bali hoja yao kubwa, kwamba mbwa ni mbwa-mwitu aliyevaa ukosi na hivyo nafaka si chakula chake, haina nguvu inayodhaniwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walilinganisha urithi wa mbwa na wa mbwa-mwitu. Waligundua kwamba chembe ya urithi inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, ambayo mbwa-mwitu anayo nakala mbili tu, mbwa wa nyumbani anazo nakala nyingi, wengine zaidi ya ishirini. Maana yake ni kwamba mbwa alibadilika alipoanza kuishi na mkulima. Alikaa kando ya moto wetu maelfu ya miaka akisubiri ukoko, na mwili wake ukajifunza kuula. Kwa upande mwingine, anayemlisha mtoto wa mbwa nyama tupu bila mifupa humnyima madini ya chokaa, na mifupa yake hulegea na kupinda. Na anayemzidishia ini humtia vitamini A hadi ikawa sumu.

Lakini hayo yote ni mjadala wa watu walioshiba, na wala siyo yaliyonifanya nikimbie uani mwa jirani. Lililonikimbiza ni jambo nililoliona mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu kijana niliyepelekwa kufundisha kaskazini mwa Turkana.

Katika darasa langu la saba palikuwa na msichana hodari wa hesabu ambaye, katika muhula wa pili, tumbo lilianza kumfura. Sote tulifikiri tulijua sababu. Wanafunzi walinong'ona, nasi walimu, tuliopaswa kuwa na hekima, tulinong'ona zaidi. Mimi binafsi nilimwita ofisini nikamhoji kwa maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka hunitoka jasho. Alilia, akakana, nami nikachukulia kukana kwake kuwa ukaidi. Aliacha kuja shule. Baadaye sana tulipata habari kwamba alikuwa amesafirishwa kufanyiwa upasuaji, na kwamba katika ini lake kulitolewa kifuko kikubwa chenye lita kadhaa za maji. Alipona. Hakurudi darasani kwangu, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Ugonjwa ule huitwa haidatidi, na huletwa na tegu mdogo ajulikanaye na wataalamu kama Echinococcus granulosus. Tulipokuwa shuleni sisi tulifundishwa habari za tegu wa ng'ombe, yule mrefu kama kamba ya kufungia ndama. Huyu ni tofauti kabisa. Urefu wake ni baina ya milimita tatu na saba, mfupi kuliko punje ya mchele, naye huishi kwa maelfu katika utumbo wa mbwa bila kumwudhi. Mbwa hunenepa, hubweka na kucheza kama kawaida, huku akitoa mayai yasiyoonekana kwa macho pamoja na kinyesi chake. Mayai hayo hubaki katika nyasi, udongo na maji, na mengine hunata katika manyoya yake. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia akiyala pamoja na majani, mayai huanguliwa tumboni, lava zikapenya hadi kwenye ini au mapafu, na huko zikajenga vifuko vya maji. Ndani ya kifuko huota vichwa vichanga vya tegu, visivyohesabika. Mnyama akichinjwa na mapafu yake kutupiwa mbwa yakiwa mabichi, vichwa hivyo hushikilia utumbo wa mbwa, na baada ya takriban majuma sita au saba huwa tegu wakubwa wanaotaga. Duara limefungwa.

Mwanadamu huingia katika duara hilo kwa bahati mbaya, mahali pale pale alipo kondoo. Hapa kuna kosa ambalo nimelisikia hata kutoka vinywani mwa walimu wa sayansi, nalo lafaa kunyoshwa. Mtu hapati haidatidi kwa kula ini lenye kifuko, hata kama kulila si jambo la kutamanisha. Anayeupata ni yule aliyemeza mayai yaliyotoka kwa mbwa: mtoto aliyempapasa mbwa kisha akatia vidole kinywani, mama aliyechuma mboga mahali mbwa hupitia, mchungaji aliyekunywa maji ya dimbwi. Kifuko hukua polepole mno, miaka na miaka, bila maumivu, hata aliyekipata utotoni huenda akakihisi akiwa mtu mzima. Kikipasuka ndani ya mwili kinaweza kumwua mtu kwa mshtuko, au kumwaga mbegu za vifuko vingine vingi. Zipo dawa, kama vile albendazoli, na upo upasuaji. Lakini vyote viwili vinahitaji hospitali, muda na fedha.

Turkana ilijulikana duniani kwa ugonjwa huu. Katika sehemu za kaskazini-magharibi, tafiti zilizochapishwa miaka ya 1980 zilionyesha kwamba kila mwaka watu wapatao 220 katika kila watu 100,000 walikuwa wakiugua, kiwango ambacho hakikuwa kimeandikwa mahali pengine popote. Shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti mnamo 1983, likatumia mashine za kupiga picha kwa mawimbi ya sauti chini ya miti, likatibu mbwa na kupunguza idadi yao, na kuwafundisha watu. Sababu kubwa ilikuwa ukaribu. Mbwa wa kule alilala na watoto, akalamba vyombo, akamsafisha mtoto mchanga alipojichafua, kwani maji yalikuwa adimu.

Sasa msomaji ataniuliza, kwa haki kabisa: ikiwa wewe mwalimu uliyaona hayo yote kwa macho yako, ilikuwaje ukamlisha mbwa wako mapafu mabichi miezi mitano? Hilo ndilo swali lenyewe. Nilidhani ule ulikuwa ugonjwa wa jangwani. Nilidhani kwamba nikishuka basi Bomet, penye mvua, chai na nyasi mbichi, nimeuacha nyuma yangu pamoja na joto na vumbi. Na zile karatasi nne, zenye lugha safi na picha ya mbwa mwenye afya, ziliniziba macho kabisa. Sikuwahi kujiuliza mwandishi alikuwa amekaa wapi alipokuwa akiandika.

Aliyenizindua ni afisa wa mifugo aliyekuja kumchanja kijibwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Aliona sahani yake, akaniuliza mapafu yale yalitoka wapi, nikamweleza kwa majivuno. Hakunikemea. Aliniuliza tu kondoo wa soko letu hutoka wapi. Nikanyamaza, kwa sababu najua kila wiki huja kutoka Mulot na ng'ambo yake, katika nchi ya Wamaasai, ambako ugonjwa huu upo pia. Kisha akaniambia jambo lililonifanya niketi: mayai ya tegu huyu huuawa na jua kali na ukavu, lakini mahali penye baridi na unyevu huweza kudumu miezi mingi. Yaani jangwa nililoliogopa lilikuwa likiyaua mayai kwa jua lake, na huku kwetu, penye umande kila asubuhi na ukungu unaokaa hadi saa nne, ndiko yanakohifadhika. Kwa siku kadhaa baada ya hapo sikuweza kumtazama mjukuu wangu wa miaka minne akimkumbatia kijibwa bila moyo kunidunda.

Tulimpa mbwa vidonge vya prazikwanteli siku ile ile, na tukarudia kwa ratiba. Mchinjaji nilimwomba radhi, nikamwambia asiniwekee tena.

Wenye kutetea nyama mbichi watasema kwamba kwao mambo haya hayapo, nami nitakubali, ila kwa nyongeza. Hayapo kwa sababu yalipigwa vita. Iceland ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoteswa mno na haidatidi katika karne ya 19. Mwaka 1863 mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, alikwenda huko kuchunguza mbwa na kondoo, na mwaka uliofuata akaandika kijitabu kwa lugha ya wenyeji, kikieleza ugonjwa unavyozunguka na kuwasihi watu wachome au wafukie viungo vyenye vifuko. Kilisambazwa bure katika kaya za nchi nzima. Watu wa Iceland walikuwa wasomaji. Jioni za baridi walikaa wakisomeana kwa sauti. Sheria za mbwa zilifuata tangu 1869, lakini wanaoandika historia ya jambo hilo hukipa kijitabu kile sifa kubwa, kwani tegu wenyewe hakuna aliyekuwa na dawa ya kuaminika ya kuwaua. Ugonjwa ukapungua hadi ukaisha. New Zealand ilitunga sheria maalumu mwaka 1959, ikaandama kila mbwa wa kila mfugaji, na mwaka 2002 ikatangaza kuwa imejikomboa. Tasmania, jimbo la nchi ile ile ya Daktari Billinghurst, ilianza kampeni yake miaka ya 1960, ikajitangaza vivyo hivyo mwaka 1996. Anayemlisha mbwa wake nyama mbichi katika nchi hizo amesimama juu ya kazi ya vizazi viwili au vitatu, ingawa huenda hajui.

Sisi tuna sheria pia. Sheria ya ukaguzi wa nyama, sura ya 356, imekuwapo tangu miaka ya 1970, nayo humpa mkaguzi uwezo wa kuviondoa viungo vyenye ugonjwa ili viharibiwe. Katika vichinjio vya mijini kazi hiyo hufanyika. Lakini ni kondoo wangapi wa Merigi hupita mikononi mwa mkaguzi? Sherehe za jando, harambee, matanga, Krismasi, mahari, mkutano wa ukoo: wote hao huchinjiwa nyuma ya nyumba, na mkaguzi pekee aliyepo ni kijana mwenye kisu. Na kijana huyo, tazama ajabu yake, hukagua vizuri sana. Huona kifuko, hutambua kuwa si kizuri, hukikataza kwa watu. Kisha humpa mbwa. Angekuwa amemaliza kazi kama angepiga hatua thelathini zaidi hadi kwenye choo cha shimo.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la walimu kabla ya kuwa la madaktari. Tazama ni nani anayetumwa kutupa matumbo siku ya kuchinja. Si baba, si mzee. Ni mtoto wa darasa la sita au la saba. Yeye ndiye hushika ile ndoo, na mbwa humfuata yeye. Kama mtoto huyo anajua duara nililolieleza, anaweza kulikata kwa mkono wake mwenyewe jioni hiyo hiyo, bila bajeti wala ruhusa ya mtu. Kuwatibu mbwa wote kila baada ya majuma sita ni gharama ambayo kaunti haitaimudu. Nitashukuru iwapo vidonge vitatolewa pamoja na chanjo za bure za kichaa cha mbwa, ambazo mara nyingi huandaliwa karibu na tarehe 28 Septemba, na nimewaandikia wahusika kuhusu hilo. Lakini kidonge kimoja kwa mwaka hakimlindi mbwa anayetupiwa mapafu kila mwezi.

Najua pingamizi zitakazonijia, kwa kuwa nimekwisha kuzisikia. Ya kwanza ni kwamba kumpikia mbwa ni anasa. Kuni ni ghali, na hata watu wengine hulala bila chakula cha moto. Nakubali, na simlazimishi mtu asiye na kuni kupika. Shimo ni bure. Pingamizi la pili ni lile la yule mzee, kwamba ni uchoyo kumnyima mbwa hata cha kutupwa. Hilo nililitafakari sana, kwani si neno la mtu mkatili. Limetoka katika wema. Kwa mzee huyo, mbwa aliyelinda boma usiku kucha ana haki ya kupata fungu siku ya kuchinja, nami sipingi haki hiyo. Ninachoomba ni kwamba fungu lake lipitie motoni.

Basi, mbwa wangu hula nini siku hizi? Nimeulizwa mara nyingi, hasa na wale walioziona karatasi nne. Asubuhi hupata ugali uliosongwa kwa maji ya omena, pamoja na omena wenyewe, wanaoliwa na mifupa yao midogo na hivyo kumpa ile chokaa inayokosekana katika nyama tupu. Jioni hupata mapafu au matumbo yaliyokatwa vipande vidogo na kuchemshwa zaidi ya nusu saa tangu maji yalipoanza kutokota, hata ndani pasibaki wekundu. Mara moja moja hupewa yai la kuchemsha, au majani ya kunde yaliyobaki. Mfupa mbichi wa ng'ombe, ulionunuliwa buchani penye mhuri wa mkaguzi, simnyimi. Hapo nimebaki mwanafunzi wa Daktari Billinghurst. Manyoya yangali yanang'aa. Fuko wangali wanamwogopa.

Neno moja tu kuhusu huo ugali, ili nisije nikadhaniwa nasema kila kilichopikwa ni salama. Wapo wanaomwekea mbwa mahindi yaliyoota ukungu, wakisema moto utaua. Sumu ya ukungu, aflatoksini, haiuawi na sufuria. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi ya namna hiyo yaliwaangusha watu 317, na 125 kati yao wakafa. Na mbwa huathirika upesi kuliko mtu. Mahindi usiyomlisha mtoto wako usimsongee mbwa.

Muhula huu niliombwa na shule moja jirani nije kuzungumza na darasa la nane, ambalo sasa huitwa gredi ya nane. Nilichora duara ubaoni: mbwa, nyasi, kondoo, kisu, mbwa. Nikamweka mtoto pembeni, na mshale wa kumfikia. Kisha nikauliza mshale upi ni rahisi kuufuta. Walitaja dawa, hospitali, serikali. Msichana mmoja wa nyuma kabisa akainuka, akaja mbele bila kuitwa, akaufuta kwa kiganja ule uliotoka kwenye kisu kwenda kwa mbwa. Nilimtazama nikamkumbuka yule wa Turkana, nikashindwa kuendelea kwa muda. Watoto walidhani ni vumbi la chaki.

Jumamosi ijayo yule jirani anachinja tena. Binti yake anaolewa. Mzee amenitumia ujumbe kwamba nije mapema, na kwamba sufuria ya mbwa nisiisahau nyumbani, kwa sababu hata wake amemletea.